Statini inavyofanya kazi mwilini: kwa wanaoimeza na kwa waliokwisha kuiacha

Dirisha_la_Dawa (mleta mada)

Habari za wakati huu, wakuu. Uzi huu ni mrefu kidogo, na ninauandika kwa sababu ya vidonge 18.

Mimi ni mfamasia. Wiki mbili zilizopita binti mmoja aliweka juu ya kaunta boksi la baba yake la atorvastatini, mojawapo ya statini, dawa za kushusha kolesteroli kwenye damu, akauliza kama vidonge vilivyobaki vinaweza kumfaa mtu mwingine visiharibike bure. Nilivihesabu: vilikuwa vimetolewa 10 tu kati ya 28. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. LDL, kipimo cha kolesteroli ya kwenye damu, ya kwanza ilikuwa 4.9 mmol/L, ya pili 2.4. Pembeni ya ile 2.4 mzee alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa: NIMEPONA.

Akaacha dawa siku hiyohiyo. Miezi tisa baadaye akapata kiharusi, na sasa anajifunza upya kushika kijiko. Siwezi kusema kuacha dawa peke yake ndiko kulikomwangusha, maana alikuwa pia na presha. Ila neno lile halinitoki kichwani. Alisoma majibu yake kama mtu aliyemaliza dozi ya antibayotiki, na mimi niliyemkabidhi boksi lile kwa mkono wangu sikuwa nimemweleza dawa ile inafanya nini. Naeleza sasa.

Lehemu, au kolesteroli kama wengi tunavyoiita, si sumu. Kila seli imezungukwa na utando, na lehemu imo katika utando huo. Homoni za uzazi, kotizoli, vitamini D na chumvi za nyongo zote zinatokana nayo. Mwili hauwezi kungojea chakula kwa kitu muhimu namna hii, hivyo sehemu kubwa ya lehemu uliyonayo umeitengeneza mwenyewe, na ini ndilo linaloongoza kazi hiyo.

Shida yake ni kwamba ni mafuta, haichangamani na damu. Inabidi ibebwe ndani ya vichembe, na LDL ni mojawapo ya vichembe hivyo. LDL zikiwa nyingi kwa miaka mingi zinapenya ukuta wa ateri na kunasa humo. Chembe nyeupe za damu zinakuja kuzimeza, zinashiba mafuta, zinafia humohumo. Watu husema "mishipa imeziba mafuta", wakiona picha ya bomba la sinki lenye utando wa grisi. Picha hiyo inapotosha. Mafuta yako ndani ya ukuta wenyewe, kama jipu lililofunikwa na ngozi nyembamba. Siku ngozi hiyo inapopasuka, damu inagandia hapo kwa dakika chache. Ikiwa ni mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ikiwa ni wa ubongo, ni kiharusi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mzima jana na leo akaanguka.

Sasa statini yenyewe. Ndani ya seli ya ini, kutengeneza lehemu ni safari ya hatua karibu thelathini. Mapema kabisa katika safari hiyo kuna hatua moja ambayo kasi yake inaamua kasi ya zote zinazofuata: kitu kiitwacho HMG-CoA kinageuzwa kuwa mevalonati, malighafi ya hatua zinazofuata. Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha badiliko la kikemia, kinachofanya kazi hiyo kinaitwa HMG-CoA riduktasi, na kina kijishimo ambamo HMG-CoA huingia na kukaa. Statini ina kipande kinachofanana sana na HMG-CoA. Inaingia katika kijishimo kilekile na kung'ang'ania kwa nguvu maelfu ya mara kuliko mwenye nafasi. HMG-CoA inabaki nje, mevalonati inapungua, na lehemu inapungua ndani ya seli.

Maelezo mengi yanaishia hapo, "inazuia ini kutengeneza lehemu", na msomaji anaondoka na nusu ya habari. Sehemu kubwa ya kushuka kwa LDL kwenye damu inatokana na kile ini linachofanya baada ya kujikuta lina upungufu.

Seli ya ini ina namna ya kupima akiba yake. Kuna protini inaitwa SREBP-2, imefungwa kwenye utando ndani ya seli. Lehemu ikiwa ya kutosha, inabaki imefungwa. Lehemu ikipungua, inaachiwa, inapelekwa sehemu nyingine ya seli, inakatwa, na kipande kilichokatwa kinaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kadhaa. Moja ya jeni hizo ni ya kutengeneza vipokezi vya LDL. Vipokezi vinajipanga juu ya uso wa seli, vikitazama damu. LDL ikipita, inadakwa na kuvutwa ndani. Humo ndani kipokezi kinaachia mzigo na kurudi juu kudaka mwingine. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 10, na kipokezi kimoja hurudia safari hiyo mara mamia kabla hakijachakaa.

Kwa hiyo dawa haiendi kwenye damu kuyeyusha chochote. Inalitia ini njaa ya lehemu, na ini ndilo linaloichota LDL kutoka kwenye damu.

Habari hii ya vipokezi iligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein kule Dallas, Marekani, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Walianza kwa kuchunguza familia ambazo lehemu yao ni ya juu sana tangu kuzaliwa. Na humo kuna ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Mtoto aliyerithi jeni mbovu ya kipokezi kutoka kwa baba na mama pia, ukimpa statini LDL yake inashuka kidogo sana. Kimeng'enya chake kinazuiwa vizuri tu, seli inaona njaa vizuri tu, lakini vipokezi vya kudaka LDL hana. Kama kazi yote ya statini ingekuwa kupunguza utengenezaji, mtoto huyo angenufaika kama wengine.

Turudi kwa mzee. Ukiacha kumeza, statini inatoka mwilini ndani ya siku chache. Kimeng'enya kinakuwa huru, akiba ya seli inajaa, SREBP-2 inafungwa tena, vipokezi vinapungua. Baada ya wiki chache LDL inarudi pale ilipokuwa. Ile 2.4 kwenye karatasi yake ilikuwa picha ya dawa ikiwa kazini.

Maswali karibu. Nitajibu ninayoyaweza.

Msomaji_tu

Nimekaa hapa nasoma, mkuu. Shukrani.

Kifaru_Mpole

Uzi mzuri sana, mleta mada. Lakini umesema mwenyewe lehemu ndiyo inayotengeneza homoni na kuta za seli. Sasa kuishusha hivyo si kujimaliza? Na ubongo je? Nimesikia ubongo umejaa lehemu.

Dirisha_la_Dawa

Swali la maana, mkuu. Tazama inashuka wapi. Inayoshuka ni LDL kwenye damu. Seli yenyewe haibaki na njaa, kwa sababu imeshajipatia lehemu kupitia vipokezi. Hilo ndilo lengo la mtambo wote niliouelezea. Na kimeng'enya hakizuiwi chote. Njaa hiyohiyo inawasha pia jeni ya HMG-CoA riduktasi, kwa hiyo seli inatengeneza vimeng'enya vingine kujaribu kufidia.

Ubongo ni kweli una lehemu nyingi, lakini unajitengenezea wenyewe. LDL ya kwenye damu haivuki kizuizi cha damu na ubongo, yaani kuta za mishipa zinazochuja kinachoingia ubongoni.

Mfano mwingine: mtoto mchanga, ambaye ubongo wake unakua kwa kasi kuliko wakati wowote wa maisha, anazaliwa na LDL ambayo mara nyingi iko chini ya 1 mmol/L. Mwili unajengwa vizuri kabisa kwa kiwango ambacho mtu mzima angekiona kidogo mno.

Nyota_ya_Asubuhi

Kaka, ni kweli statini ya kwanza ilitoka kwenye kuvu? Au ni maneno ya mitandaoni?

Dirisha_la_Dawa

Ni kweli, dada, na hadithi yake inastahili aya kadhaa.

Akira Endo, mwanakemia wa Japani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo, alianza mwaka 1971 kutafuta kuvu wanaotoa kitu cha kuzuia HMG-CoA riduktasi. Wazo lake lilikuwa kwamba kuvu hupigana na viumbe vidogo vingine, na wengi wa viumbe hao wangekufa wakikosa mevalonati. Yeye na wenzake walipima aina karibu 6,000. Mwaka 1973 wakapata walichokitafuta kwa kuvu aitwaye Penicillium citrinum, wa jamii moja na yule aliyetupa penisilini. Dutu hiyo ikaitwa kompaktini.

Wakawapa panya. Lehemu ya panya haikushuka. Kwa kawaida hapo ndipo dawa hufia. Lakini ukisoma tena nilichoandika juu, utaona kilichotokea: ini la panya lilijibu njaa kwa kuzalisha kimeng'enya kingi mno, likafidia karibu yote yaliyozuiwa. Isitoshe panya kwa asili ana LDL kidogo sana, kwa hiyo hata cha kushusha hakikuwa kingi. Endo akamwomba mwenzake aliyekuwa anafuga kuku wa majaribio awajaribishie. Alichagua kuku wa mayai kwa sababu yai lina lehemu nyingi, na akafikiri kuku anayetaga lazima awe nayo tele mwilini. Lehemu ya kuku ilishuka karibu nusu. Wakafuata mbwa, nao ikashuka. Bila kuku wale huenda pasingekuwa na uzi huu.

Kompaktini yenyewe haikufika sokoni. Iliyofika kwanza ni lovastatini, iliyotoka kwa kuvu mwingine, Aspergillus terreus, na ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987. Zilizofuata kama atorvastatini na rosuvastatini zinatengenezwa kiwandani moja kwa moja, lakini kile kipande kinachoiga HMG-CoA kimo katika zote.

Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90.

Kinyonga_77

Mimi mtanisamehe, naona hizi ni biashara za makampuni. Lehemu ikishuka kwenye karatasi, nani kathibitisha watu wanaishi zaidi? Karatasi haifi.

Dirisha_la_Dawa

Huna haja ya kuomba msamaha, ndilo swali ambalo madaktari wenyewe walibishana kwa miaka mingi. Kushusha namba na kuokoa mtu ni mambo mawili.

Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti unaojulikana kama 4S, uliofanyika katika nchi za Skandinavia, Ufini na Aislandi. Wagonjwa 4,444 waliokwisha kupata shambulio la moyo au wenye maumivu ya kifua ya moyo waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu simvastatini, nusu kidonge kisicho na dawa. Walifuatiliwa kwa miaka mitano na zaidi. Katika kundi lisilo na dawa walikufa 256. Katika kundi la simvastatini walikufa 182. Hapo waliohesabiwa ni marehemu wa kila sababu, si namba za maabara.

Tafiti nyingi zilizofuata zilipojumlishwa pamoja, ilionekana kwamba kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L, matukio makubwa ya moyo na mishipa yanapungua kwa karibu moja ya tano, na faida inaongezeka kadiri mtu anavyokaa na dawa miaka mingi.

Nakubaliana nawe jambo moja. Moja ya tano ya hatari kubwa ni kubwa, moja ya tano ya hatari ndogo ni ndogo. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo na kijana asiye na tatizo lolote isipokuwa LDL iliyopanda kidogo hawapati faida sawa. Huyo wa pili ana haki ya kukaa na daktari wake na kuhesabu hatari yake ya miaka 10 kabla ya kuanza.

Shangazi_Mkubwa

Mwanangu, mimi niliacha kwa sababu ya misuli. Mapaja yaliuma, kupanda ngazi ikawa mtihani. Nikiambiwa ni mawazo yangu nitakasirika.

Dirisha_la_Dawa

Shikamoo shangazi. Sitakuambia hivyo, na maumivu uliyoyasikia uliyasikia kweli.

Statini inaweza kudhuru misuli, hilo halina ubishi. Madhara makali, misuli kuvunjika na mabaki yake kuziba figo, ni nadra sana, lakini yapo. Dalili zake ni maumivu makali au udhaifu wa misuli na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Mtu akiona hayo aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo. Mwaka 2001 statini moja iliyoitwa serivastatini iliondolewa sokoni kwa sababu ilikuwa ikiua watu kwa njia hiyo, hasa ilipochanganywa na dawa nyingine ya mafuta iitwayo jemfibrozili.

Maumivu ya kawaida, kama hayo ya mapaja, ni habari tofauti kidogo. Kuna utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, unaitwa SAMSON. Walichukuliwa watu 60, wote walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara kama wewe. Kila mmoja alipewa chupa 12 za mwezi mmoja mmoja: nne zenye statini, nne zenye vidonge visivyo na dawa, nne tupu. Kila siku waliandika wanavyojisikia. Miezi ya chupa tupu walijisikia vizuri. Miezi ya statini waliumia. Na miezi ya vidonge visivyo na dawa waliumia karibu vilevile: asilimia 90 ya maumivu ya statini yalijitokeza hapo pia. Mwili uliotegemea kuumia uliumia kweli. Walipoonyeshwa daftari zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Hiyo haimaanishi wewe si katika ile sehemu ndogo ambayo dawa yenyewe ndiyo inayoumiza. Njia ya kujua ni kurudi kwa daktari, kupima kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK, pengine na tezi ya shingo, maana tezi ikilegea nayo huumiza misuli. Kisha mnajaribu statini nyingine au dozi ndogo zaidi. Wengi walioshindwa moja wanaiweza nyingine. Na kama zote zimekataa, zipo dawa zisizo za kundi hili, mfano ezetimibe, inayozuia lehemu kufyonzwa kwenye utumbo.

Shangazi_Mkubwa

Marahaba. Hapo umenielewa. Nitakwenda.

Kifaru_Mpole

Niongeze moja. LDL yangu imeshuka lakini haijafika daktari anapotaka. Ameniambia ataongeza dozi mara mbili. Basi itashuka mara mbili?

Dirisha_la_Dawa

Hapana, na wengi wanakata tamaa hapa. Kiasi kikubwa cha kushuka kinatoka kwenye dozi ya kwanza. Kila ukiongeza dozi maradufu baada ya hapo, LDL inashuka kwa karibu asilimia 6 zaidi tu. Kutoka miligramu 20 kwenda 40, asilimia 6. Kutoka 40 kwenda 80, asilimia 6 nyingine.

Sababu imo kwenye SREBP-2 tena. Inapowasha jeni ya vipokezi, inawasha pia jeni ya protini iitwayo PCSK9, na kazi ya PCSK9 ni kushika vipokezi na kuvipeleka kuharibiwa badala ya kuviacha virudi juu. Seli inakanyaga mafuta na breki kwa mguu mmoja. Ndiyo maana siku hizi kuna sindano zinazoizuia PCSK9, na ndiyo maana mara nyingi kuongeza dawa ya pili kunasaidia kuliko kuongeza dozi ya ile ya kwanza.

Nyota_ya_Asubuhi

Na saa ya kumeza? Mama yangu aliambiwa usiku tu.

Dirisha_la_Dawa

Inategemea ni ipi, dada. Ini hutengeneza lehemu zaidi usiku. Simvastatini hukaa mwilini kwa saa chache, kwa hiyo inamezwa jioni ili iwepo wakati huo. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu, saa yoyote inafaa mradi iwe ileile kila siku.

La muhimu kuliko saa ni anachomeza pamoja nayo. Simvastatini na atorvastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini na utumbo kiitwacho CYP3A4. Kikizuiwa, dawa inarundikana kwenye damu na misuli ndiyo inayolipa. Antibayotiki klarithromisini inakizuia, dawa kadhaa za fangasi pia, na balungi likiliwa kwa wingi. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinakizuia kwa nguvu sana, na simvastatini hairuhusiwi kabisa pamoja nazo. Hilo halina maana kwamba wanaoishi na VVU wakose statini. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 wa watu zaidi ya 7,700 ulionyesha pitavastatini, isiyopitia njia hiyo kwa kiasi kikubwa, inapunguza matukio makubwa ya moyo kwao kwa karibu theluthi moja. Mwambie daktari na mfamasia kila kitu unachomeza, hata cha wiki moja. Na mwenye ujauzito au anayepanga kuupata aseme mapema, kwa kawaida dawa hizi husimamishwa.

Kinyonga_77

Nimesoma yote, mkuu. Nauliza la mwisho: yule mzee ameanza tena?

Dirisha_la_Dawa

Ameanza. Binti yake alikuja jana kuchukua boksi jipya. Vile 18 nilikwisha kuvitenga viteketezwe, dawa ya mtu hapewi mwingine. Nilimchorea kwenye karatasi seli ya ini yenye vipokezi juu yake, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, naye akasema atambandikia baba yake ukutani karibu na kitanda. Atapima tena baada ya wiki sita.